Thoai Huchoma Gazeti Mlangoni

Bibi Bay, anayeuza uji wa choroko pembeni ya mlango wetu, anasema Thoai aliwahi kununua kandambili na duka likafa. Alikuwa mteja wa kwanza asubuhi ile. Alivaa, akalipa, akaondoka, na kabla ya miezi mitatu kwisha mwenye duka akahamia kwa mwanawe Saigon. Nilimuuliza Bibi Bay kama mwenye duka hakuwa na miaka themanini na moja. Akanijibu kwamba miaka ilikuwapo siku zote na haikuwahi kumzuia kuuza, ila siku ile ya kandambili.

"Mguu wake mzito," aliniambia, huku akikoroga sufuria. "Mwingine akiingia dukani, wateja wanamfuata kama bata. Yule akiingia, hata nzi wanatoka."

Hapa Hoi An kila muuzaji anaangalia nani anamfungulia biashara. Mtu wa kwanza kununua ndiye anayeiongoza siku. Akiwa na mguu mwepesi, utauza mpaka mikono iume. Akiwa na mguu mzito, unachoma karatasi kizingitini, unaipunga mara kadhaa ili nuksi itoke na moshi, kisha unaanza upya. Bibi Bay huchoma karatasi hata Thoai akipita upande wa pili wa barabara. Sanduku lake la kiberiti analiweka karibu kuliko kijiko.

Maneno haya yangekuwa ya kuchekesha tu kama Thoai angekuwa fundi bomba. Lakini yeye ni mtembeza wageni. Kila jioni anaingia kwenye maduka ya watu na wageni kumi na tano nyuma yake.

Saa tisa alasiri huwakusanya chini ya Milima ya Marumaru. Huwapandisha ngazi, akawaingiza mapangoni, akawapitisha pagoda, mahekalu ya Kibuddha, moja baada ya nyingine, akawashusha kwenye maduka ya mawe, kisha basi huwaleta mji wa kale fanusi zinapowashwa. Kabla ya kwenda mtoni husimama kwetu kwa robo saa, wageni wakae kwenye vigoda na kunitazama nikivuta kitambaa juu ya fito za mwanzi mpaka kiwe fanusi. Ndivyo nilivyomjua. Nilimjua kabla sijazaa, na mwanangu Tep sasa ana miezi sita.

Tep maana yake ni uduvi. Jina lake la cheti ni zuri zaidi, lakini halitumiki mpaka akue, pepo wasije wakalipenda.

Thoai ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Non Nuoc, kijiji cha wachonga mawe, ambako watu wazima wote wana nyusi nyeupe za vumbi. Baba yake alichonga simba. Simba huwa wawili, dume ameshika mpira na jike ameshika mtoto, wa kuwekwa kwenye malango ya watu wenye uwezo. Baba alichonga kichwa, kaka mkubwa kifua na miguu, Thoai akapewa masikio. Alisugua masikio ya simba kwa miaka kumi na moja. Siku moja nilimuuliza kama aliwahi kuchonga simba mzima. Alifikiri kidogo, akasema hapana, lakini hata gizani anaweza kusema simba huyu ni wa ukoo gani akishika sikio.

Kisha kifua kikalikataa vumbi. Daktari akamwambia atafute kazi yenye hewa safi. Akapata ya kuingiza watu mapangoni.

Hajaoa. Bibi Bay anaijua sababu, na ni ileile.

Watembeza wageni wenzake hubeba vibendera. Thoai hubeba mwavuli wa njano uliofungwa, anauinua juu ili wageni wasimpoteze. Sijawahi kumwona akiufungua, hata siku za mvua kubwa. Alinieleza kwamba ukifunguka utafanana na miavuli mingine yote, na wageni wake watamfuata mtu mwingine. Kwa hiyo hulowa, na mwavuli mkononi.

Mwezi uliopita mama mkwe wangu alitaka kupanda mlimani kuchoma udi, kushukuru kwamba Tep amekua. Ngazi za mchana zina jua, na basi la Thoai lilikuwa na viti viwili vitupu nyuma.

"Basi la nani hilo?" mama mkwe aliuliza.

"La mjomba Thoai, mama. Hatatutoza kitu."

"Hatatutoza, haya." Akaingia jikoni, akatoka na punje ya kitunguu saumu, akaishonea ndani ya kofia ya Tep imkinge na nuksi. "Sasa twende."

Thoai aliona kofia, akasikia na harufu. Alichukua mfuko wa udi wa mama mkwe akaubeba mpaka juu.

Kwenye pango kubwa wageni walinyamaza, kama wanyamazavyo wote. Mwanga unashuka kutoka tundu la juu na moshi wa udi unapanda kuufuata, na Tep aliutazama mpaka akasahau kunyonya. Thoai alisema maneno machache tu, kisha akakaa pembeni. Wenzake huongea pale bila kupumua. Nilimuuliza mbona ananyamaza. Alisema, "Hapa wanaona wenyewe. Nikiongea watanitazama mimi."

Kwenye pango la kuzimu ndipo anapoongea. Kuna sanamu za waadhibiwa, na mzee mmoja mwenye soksi ndefu aliuliza mwongo anafanywa nini. Thoai alimjibu, kisha akatufasiria na sisi tusikose.

"Anang'olewa ulimi. Yule pale, wa pili kushoto. Koleo lilipakwa rangi mwaka jana."

Mama mkwe alilitazama koleo kwa makini. "Bibi Bay wangemtafutia kubwa zaidi," alisema.

Tulipotelemka kwenye maduka ya mawe nikaelewa kila kitu. Sijui lugha ya wageni, lakini uso wa muuzaji naujua. Mama mmoja mgeni alikuwa ameshika Buddha wa marumaru wa ukubwa wa bakuli. Alikuwa amekwisha mpenda. Muuzaji alikuwa amekwisha chukua gazeti la kumfungia. Ndipo yule mama akamgeukia Thoai na kumuuliza jambo, Thoai akajibu kwa sauti ileile ya koleo, na yule mama akamrudisha Buddha mezani taratibu, kama anayemrudisha mtoto wa watu.

"Amekuuliza nini?" nilimnong'oneza.

"Kama jiwe ni la mlima huu."

"Ukasema nini?"

"Nimesema hapana. Mlima huu umekatazwa kuchongwa. Jiwe limekuja na lori kutoka kaskazini, siku mbili njiani."

"Mjomba Thoai! Si ungesema hujui?"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aseme hajui jina lake. "Mama Tep, nimelisugua miaka kumi na moja."

Muuzaji hakumfungia mtu kitu. Gazeti lilikuwa bado mkononi mwake, akaliwasha palepale kizingitini na kulipunga kuelekea mgongo wa Thoai. Wageni wakafurahi sana. Walitoa simu zao wakapiga picha, na mzee wa soksi akauliza hii ni ibada gani.

Thoai akamweleza. Mzee akasema neno, wote wakacheka.

"Kasema nini?" mama mkwe aliuliza.

"Nimemwambia wananifukuza mimi. Anaomba naye apungiwe, amemdhamini shemeji yake kwenye mkopo."

Muuzaji alimpungia. Hapo ndipo pekee nilipomwona muuzaji akitabasamu.

Ndani ya basi Thoai alikuja kukaa kiti cha mbele yetu. Alitazama mbele, akaongea na kioo. Wauzaji wa milimani na wa mji wa kale walikuwa wamekwenda pamoja kwa Bwana Ky, mwenye kampuni. Hawakusema Thoai anaharibu biashara kwa mdomo wake, kwa sababu hapo wangelazimika kueleza mdomo umesema nini. Walisema ana nuksi. Bwana Ky si mtu mbaya. Alimwambia Thoai atafute duka moja tu la mji wa kale, likubali yeye awe mteja wake wa kwanza jioni ya tarehe kumi na nne ya mwezi, watu wakiona. Likiuza vizuri, Bwana Ky atawaonyesha wengine na mambo yatakwisha. Asipolipata, au likidoda, atamwondoa kwenye safari za jioni na kumpeleka uwanja wa ndege.

"Uwanja wa ndege kufanya nini?" niliuliza.

"Kushika kibao."

"Si kazi nyepesi?"

"Nyepesi." Basi lilipita daraja. "Ni kusimama na jina la mtu mwingine mpaka aje alichukue. Akishafika, anapewa mtu wa kumpeleka mapangoni."

Mama mkwe alikuwa amesinzia, au alijifanya.

Tarehe kumi na nne si jioni ya kawaida. Mji wa kale unazima umeme, zinabaki fanusi tupu, na watu hujaa mpaka paka hutembea juu ya mapaa. Anayeuza vizuri jioni ile hula mwezi mzima. Kumwomba mwenye duka auhatarishe mwanzo wa jioni hiyo ni kama kumwomba akuazime jino.

Thoai aliomba. Aliomba maduka kumi na moja. Mwenye viatu alisema angependa sana lakini mkewe hapendi. Mkewe alisema yeye angependa lakini mumewe. Fundi suti alikubali, ikiwa Thoai atakubali kuwa mteja wa mwisho. Muuza chapati za mchele alitafuta kiberiti.

Katika siku hizo ndipo Tep akaanza kuota meno.

Jioni moja wageni kumi na wanne walikuwa wamekaa vigodani na Tep alikuwa akilia tangu adhuhuri. Mama mkwe alikwenda sokoni. Fanusi ilitaka mikono miwili na Tep alitaka yote miwili. Mgeni mmoja mkubwa kama kabati alinyoosha mikono amsaidie. Tep alimtazama kutoka chini hadi juu na kuongeza sauti.

Thoai alikuwa nje ya mlango, mahali pake. Tangu nizae hakuwahi kuvuka kizingiti chetu. Watu husema mguu mzito humliza mtoto mchanga, naye alijua kwamba hivyo husemwa. Kila akileta wageni hutoa ukurasa wa gazeti mfukoni, huuwasha mwenyewe mlangoni, na kuuruka mara saba, kama inavyompasa mwanamume. Kisha hubaki nje vilevile. Mwanzoni nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha, alikuwa amebeba hata kikopo cha kuzolea majivu.

Nilikwenda mlangoni nikamwambia, "Mshike."

"Mimi, Mama Tep?"

"Kwani una mikono ya nani?"

Alimshika kama kinavyoshikwa kichwa cha simba, kiganja kimoja chini ya kidevu, cha pili kikitafuta sikio. Hakujua wimbo wowote wa kumbembelezea. Akamwambia anachowaambia wote, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Kwamba ngazi ni mia moja na hamsini na sita. Kwamba ngazi ya arobaini inateleza. Kwamba lango la kwanza lilijengwa upya, na la pili lilijengwa upya, na kengele ilipasuka, ikayeyushwa, ikawa kengele nyingine. Nilivuta kitambaa, nikapaka gundi, nikasikiliza. Hakufika pagoda ya tatu. Tep alikuwa amelala, shavu juu ya kitufe cha shati lake. Mgeni mkubwa kama kabati naye alikuwa amelala, ameegemea ukuta.

Bibi Bay aliona kutoka kwenye sufuria yake.

"Mama Tep! Mama Tep wee! Mtoto amezimia!"

"Amelala, bibi."

"Analalaje mikononi mwa yule? Amezimia huyo. Mwangalie macho!"

"Yamefumba, bibi. Ndiyo kulala kwenyewe."

"Hata aliyezimia hufumba."

"Anakoroma."

Bibi Bay alisikiliza. Ni kweli alikuwa anakoroma. Hakutaka kupoteza njiti aliyokwisha itoa, akachoma karatasi vilevile, upepo ukageuka na majivu yakaingia kwenye uji. Thoai alikuwa na Tep kifuani, hakuweza kufanya chochote. Mgeni mmoja akapita, akaona uji una madoadoa meusi, akafikiri ni ufuta. Alikula mabakuli mawili na kuwaita wenzake. Sufuria ilikwisha kabla fanusi za daraja hazijawashwa zote.

"Unaona?" nilimwambia Bibi Bay.

"Naona nini? Ni karatasi ilifanya kazi."

Sikubishana naye. Lakini usiku ule nilipomgeuza Tep nikakuta kitunguu saumu bado kofiani, nilikitoa. Nilikitia kwenye mchuzi kesho yake. Mama mkwe aliula akasema una ladha.

Sasa lazima niseme habari ya kibanda. Ofisi ya mtaa ilinipa nafasi karibu na mto, mita moja na nusu, kati ya muuza vipepeo vya kujipepea na muuza maembe makavu. Miaka yote nimetengeneza fanusi nikawauzia wenye maduka. Hizi zitakuwa zangu. Nilitengeneza mia mbili, nyingi nikiwa na Tep mgongoni, ndiyo maana chache zimepinda upande mmoja. Siku ya kufungua ilichaguliwa na mama mkwe, na ilikuwa tarehe hiyohiyo kumi na nne. Mtu wa kufungua alichaguliwa pia, na mapema zaidi kuliko siku. Ni Bibi Lanh wa kichochoro cha nyuma. Ana wana wawili wa kiume na wawili wa kike, ana mume hai, ana meno yote. Akiingia dukani kununua sindano, watu husimama foleni wasijue foleni ya nini. Mama mkwe alimpelekea keki na chai, naye akakubali kufika saa kumi na mbili kamili, amevaa nyekundu.

Kibanda kipya hufunguliwa mara moja tu. Akikosea wa kwanza, hakuna karatasi itakayotosha. Sisemi naamini. Nasema nimelelewa hapa.

Thoai alikuja tarehe kumi na tatu, mchana, bila wageni. Mama mkwe alikuwa amelala chumba cha ndani. Nilikuwa sakafuni nafunga nyuzi za kutundikia, na Tep alikuwa ndani ya kapu la fito, akitafuna mwanzi. Nilisikia kiberiti. Kisha nikaona moshi, na miguu ya Thoai ikipita juu yake, mara moja, mara mbili. Nilihesabu pamoja naye. Alipofika saba alisimama, akazoa majivu kwenye kikopo, akasimama tena.

"Ingia, mjomba."

"Nipo sawa hapa."

"Ingia. Mtoto anataka mwavuli."

Ilikuwa kweli, Tep alikuwa amenyoosha mkono. Thoai alitazama kizingiti kwa muda, kama anavyotazama ngazi ya arobaini, kisha akavuka. Alikaa kwenye kigoda cha wageni, magoti yakafika masikioni. Alimpa Tep mpini wa mwavuli. Tep aliuonja, akauona afadhali kuliko mwanzi.

"Umepata duka?" nilimuuliza, ingawa kama angepata Bibi Bay angekuwa amekwisha tangaza.

"Fundi suti bado anakubali niwe wa mwisho."

Hatukucheka. Alitazama fanusi zilizotundikwa juu yetu, akanyoosha mkono akaigusa mojawapo chini, pale kitambaa kinapokutana na ubao. Aliigusa kwa kidole gumba, polepole, kama anayetafuta sikio.

"Hii umeipinda," alisema.

"Tep alikuwa mgongoni. Alivuta nywele."

"Wageni wakiniuliza, nitawaambia hivyo."

"Waambie."

"Najua Bibi Lanh anakuja kukufungulia," alisema. "Najua na mama mkwe wako alipeleka keki. Usinijibu haraka, Mama Tep. Hata usiponijibu, nitaendelea kuleta wageni kwako mpaka siku yangu ya mwisho. Kesho nataka kununua fanusi. Nataka niwe wa kwanza."

Ndani, kitanda cha mama mkwe kililia. Ana masikio mazuri kuliko simba wowote. Nilingoja atoke, lakini hakutoka. Kililia tena mara moja, kama mtu aliyegeukia ukutani, kikanyamaza.

Nilimtazama Tep. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye goti la Thoai na mwavuli mdomoni, mate yakishuka kwenye suruali yake ya kazi. Bibi Lanh angefika saa kumi na mbili kamili, na huwa hachelewi. Lakini muuza vipepeo na muuza maembe hufungua saa kumi na moja, na hao wawili wanatosha kuona, na wana midomo ya kutosha mji mzima.

"Uje saa kumi na moja na nusu," nilisema. "Utachukua rangi gani?"

Thoai alipangusa mate ya Tep gotini kwa kiganja, akajipangusa kiganja kwenye shati, akajipangusa na macho kwa kiganja hichohicho.

"Yoyote. Ile iliyopinda," alisema. "Na usinipunguzie bei. Wa kwanza akipunguziwa, wataomba kupunguziwa jioni nzima."

"Sikupunguzii."

Alisimama, akajaribu kuchukua mwavuli, Tep akakataa, akauacha. Alifika kizingitini, akavuka, kisha akageuka.

"Na jambo moja jingine, Mama Tep, ninakuomba. Ukitaka kuchoma karatasi baada yangu, sikukatazi, biashara ni biashara. Ila ngoja kwanza nipite kona."